Kitabu cha Juu ya Dungu

Asenath wa Kulesa hakujua herufi hata moja, lakini ukimsomea ukurasa mmoja wa kitabu angekuambia kama aliyekiandika ni mtu wa kukaribishwa wali, au ni mtu wa kupewa maji ya kunywa kisha aende zake. Vitabu alivipima kama alivyopima mbegu: alisikiliza kidogo, akageuza kichwa, akanyamaza. Akisema, "Endelea," kitabu kimepita. Akisema, "Mtoto analia, kamtazame," na mtoto amelala fofofo, basi kitabu kimeanguka.

Tamar, mke wa mwanawe, ndiye aliyeijua tabia hiyo kuliko watu wote, kwa kuwa ndiye aliyemsomea. Sasa Alice, binti yake Tamar, yuko darasa la kwanza, na madungu ya kulindia mpunga waliyosomea mwaka ule yalikwishaoza yakawa kuni. Hata hivyo Tamar hafungui kitabu bila kusikia makopo yakigongana upande wa ziwa, na harufu ya tope la mpunga ikampanda puani kama vile yuko kule kule.

Aliolewa Kulesa akiwa na miaka kumi na minane, na alivyokuja navyo vilikuwa vichache: kanga mbili, sufuria moja, na madarasa manne ya shule ya misheni. La tano hakulifikia. Mama yake aliugua mguu, na shamba haliwezi kungoja mguu upone. Kanga zilipauka, sufuria ikatoboka ikazibwa, na hayo hayakumsumbua. Kilichomtia hofu ni yale madarasa manne. Aliona yanamtoka. Jumapili moja kanisani alifungua kitabu cha nyimbo akakuta neno ambalo zamani angelisoma hata akiwa anakimbia, na sasa likamtazama tu, kama mgeni anayekataa kutaja jina lake. Hakumwambia mtu. Mumewe Isaac alikuwa Malindi, dobi katika hoteli, akirudi mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi. Na jambo kama hilo humwambii mama mkwe; atakuchemshia majani ya dawa.

Basi akawa anasoma chochote. Alisoma maandishi ya gunia la unga. Alisoma alama iliyopigwa kwenye mche wa sabuni mpaka sabuni ikaisha kwa kufulia nepi za Alice. Bwana Shamba alipopita Garsen akigawa vijitabu vya kilimo cha pamba, Tamar alitembea kwenda kuchukua kimoja, mtoto mgongoni, akarudi nacho kama mtu aliyepewa nyama ya sikukuu. Kesho yake akakisoma kwa sauti juu ya dungu.

Kule Kulesa maji ya mto hupanda mabondeni, yakikaa siku zake hurudi, na watu hupanda mpunga katika tope lililobaki. Mpunga ukitoa masuke, punje zikiwa bado na maziwa ndani, ndege wadogo wenye midomo myekundu huja kwa maelfu, wakishuka ni kama mtu amekung'uta blanketi la vumbi. Hapo kila mwenye shamba hujenga dungu, yaani kitanda kirefu cha miti chenye paa la majani, akalipanda alfajiri asishuke mpaka jua linapozama. Kamba zenye makopo hutoka dunguni kwenda kila pembe ya shamba. Mkononi kombeo, kando chungu ya madonge ya udongo, na kinywani ukelele. Kazi hiyo ni kuamia ndege. Ni kazi ya wanawake, na adui yake mkubwa si ndege. Ni usingizi wa saa saba mchana.

Shamba la Asenath, kando ya ziwa, lilipakana na la Mumina, Mpokomo wa kutoka juu ya mto, Mwislamu, aliyeolewa na mchonga mitumbwi wa Garsen. Dungu lake lilikuwa umbali wa kutupa jiwe, na ulimi wake ulifika mbali kuliko hilo jiwe. Nyuma ya Mumina kulikuwa na madungu mengine matatu manne, yote ya wanawake, wote wenye masikio.

Walikisikiliza kijitabu cha pamba kwa adabu. Ukurasa wa pili ulipoanza, Mumina alikuwa ameegemea nguzo, mdomo wazi. Alipozinduka alipaza sauti.

"Mama Alice, hicho chako ni dawa. Kipeleke Malindi wakakinunue wasiopata usingizi."

"Ni cha pamba," Tamar akajitetea.

"Najua ni cha pamba. Kwani hiyo pamba haina mwenyewe? Haina mke, haina shemeji? Inapandwa tu, mstari kwa mstari, kama makaburi?"

Asenath alikuwa akivuta kamba kwa kidole cha mguu, mikono yake ikisuka kikapu. Hakucheka. "Hakuna mtu ndani yake," alisema, kisha akaokota donge akamrushia ndege.

Tamar aliyaweka moyoni maneno hayo. Shuleni walifundishwa kwamba kitabu ni kizuri kikiwa kimeandikwa vizuri. Hakuwahi kusikia mtu akikitafuta kama anavyotafuta jirani: kuna mtu humu?

Mwaka uliofuata mto ulikuwa na tabia njema. Ulipanda kwa heshima, haukubeba nyumba ya mtu, na ulipoteremka uliacha mabonde meusi yakimeremeta. Mpunga ulisimama kifuani mwa mtu. Na ndipo dereva wa lori aliposhusha mzigo kwenye kivuko cha Garsen, umefungwa kwa gunia, umeandikwa jina la Tamar kwa mkono wa Isaac. Ndani mlikuwa na miche miwili ya sabuni, kanga moja, na kitabu.

Kilikuwa hakina jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimetoka nalo, kwa hiyo hakuna aliyejua kinaitwaje wala nani alikiandika. Barua iliyokunjwa ndani yake ilisema Isaac amepewa na mwalimu mmoja anayemfulia mashati. Mwishoni aliongeza, kwa herufi ndogo, kama anayeona haya: *Katika barua zako mbili za mwisho nimeona herufi zinaanza kuyumba. Soma hiki, mama Alice, usiziachie.* Tamar alisoma mstari huo akiwa amesimama kivukoni, watu wakimpita na kuku zao na magunia yao, na akajua kwamba kile alichodhani amekificha kimeonekana kutoka Malindi.

Kesho yake akapanda nacho dunguni.

Kilikuwa hadithi ya mjane mmoja wa mji wa pwani, Bi Rehani, muuza samli. Mumewe amekufa, na kaka wa mumewe, Mselemu, anautaka ufunguo wa nyumba. Huo ndio ulikuwa mwanzo, au ndio uliobaki kuwa mwanzo. Kilikuwa cha Kiswahili, na penye Kiswahili kigumu Tamar aliwafafanulia kwa Kipokomo.

"Yuko jikoni," Tamar akasoma, "na machozi yake yanachuruzika."

"Anapika nini?" Asenath akauliza.

"Haikusema, mama. Imesema yuko jikoni tu."

"Mtu hayuko jikoni tu. Endelea, lakini mimi nangoja."

Ukurasa wa tatu Bi Rehani akakaanga samaki kwa bamia, akamwekea mtoto wa jirani kipande cha mkia. Asenath akaacha kusuka. "Haya," alisema. "Huyu mwandishi amewahi kuona njaa. Soma."

Tangu siku hiyo mashamba yale yakawa na mkazi mmoja zaidi. Wanawake walimjadili Bi Rehani walipokuwa wakichota maji, wakamlaumu kwa upole wake, wakamwonea huruma kwa miguu yake iliyovimba. Mselemu walimchukia kwa raha kabisa, kama mtu anavyokuna upele. Mumina alimpa mpaka sura: alisema anamwona ana jicho moja dogo kuliko jingine, na Tamar alipomwambia kwamba kitabu hakikutaja macho, Mumina akajibu, "Hakikutaja kwa sababu wamekubaliana na Mselemu. Wewe soma tu, macho niachie mimi."

Hata Darmi alinaswa. Darmi alikuwa mwanamke wa Kiorma, kila siku ya tatu alileta maziwa akabadilishana kwa ndizi na mahindi. Alikuwa na haraka siku zote, maana kwao ni mbali. Siku aliyokuta kitabu kinasomwa alisimama chini ya dungu na vibuyu vyake, akasimama, mwisho akakaa. Kitabu kilisema ng'ombe wa Bi Rehani alikamuliwa adhuhuri.

Darmi akacheka mpaka akafunika uso kwa nguo. "Huyo naandika hapana jua ng'ombe. Saa sita ng'ombe iko malishoni. Nani nakamua? Kunguru?"

"Tuache kusoma basi?" Mumina akamchokoza.

"Nani amesema acha? Mimi nasema ng'ombe yake uongo. Mwanamke yake kweli."

Tamar alikuwa akinyonyesha, kitabu kimewekwa juu ya goti. Alitazama zile nyuso zilizoinuliwa na akaona jambo ambalo hakulifundishwa: kwamba watu husamehe ng'ombe wa uongo ikiwa mwanamke ni wa kweli. Na herufi zilikuwa zimeanza kumrudia. Zilirudi si kwa kulazimishwa bali kwa kuitwa na wengine. Hawezi kukwama kwenye neno huku wanawake sita wanataka kujua Mselemu amesema nini. Alikuwa halali na kitabu wala hasomi mbele peke yake. Aliona ingekuwa kama kuonja chakula cha wageni kabla ya wageni.

Kisha ikaja sura ya mlango.

Ilikuwa saa ya jua kali, hakuna upepo. Bi Rehani amefunga mlango kwa komeo, ameketi sakafuni, ameshika fundo la upindo wa kanga yake anamofungia ufunguo. Nje Mselemu anabisha. Anabisha kwa kidole kwanza, halafu kwa ngumi, halafu anaacha. Tamar alisoma polepole, sauti imeshuka, na madungu yote yakanyamaza pamoja naye. Kamba hazikuvutwa. Makombeo yalining'inia. Hata Alice alikuwa kimya, anatafuna pembe ya ukurasa.

Ukimya huo ndio ulikuwa kosa, kosa ambalo mtu wa mjini hawezi kulifanya hata akitaka. Katika shamba la mpunga, kunyamaza ni kukaribisha wageni. Ndege walishuka kona ya mashariki ya Asenath bila kupingwa na mtu yeyote, na walipoinuliwa hatimaye, kiasi cha mkeka wa kulala watu wanne kilikuwa kimebaki makapi yanayochezea hewani.

Asenath alishuka dungu. Alikwenda, akainama, akashika suke moja, akalipitisha kati ya vidole; lilikuwa jepesi. Aliporudi alinyoosha mkono, na Tamar akampa kitabu.

"Kitakaa sandukuni mpaka Isaac aje," alisema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Mpunga haumngoji Isaac."

Tamar hakumlaumu. Alijua Asenath aliachwa mjane na watoto wawili, na kwamba Isaac ndiye aliyebaki baada ya mwaka mmoja wa njaa ambao hakuutaja kwa namba, aliuita tu *mwaka ule*. Shamba lile la kando ya ziwa alilima peke yake kwa jembe lenye mpini uliofungwa kamba. Isaac alipokuwa shule, karo ilitoka katika mpunga huo huo. Mtu wa namna hiyo akikuonyesha suke tupu, huna la kusema. Lakini Krismasi ilikuwa miezi mitano mbele, na Tamar alijiuliza ni herufi ngapi zitakuwa zimebaki kichwani mwake siku hiyo ikifika. Jioni ile Asenath alikifunga kitabu ndani ya sanduku la mbao pamoja na gauni lake la kanisani.

Siku za kwanza wanawake waliamia vizuri kwa aibu. Siku ya tatu usingizi wa saa saba ukarudi. Siku ya nne likazuka jambo jingine: mwenye dungu la nyuma alishuka kwenda kwa Mumina kumwambia kwamba, kwa maoni yake, Bi Rehani atafungua mlango. Mumina akashuka kumwendea wa tatu kumwambia kwamba hatafungua, labda awe mjinga. Wakabishana njiani, mikono viunoni, na ndege wakala pande zote mbili za ubishi.

"Mama Alice," Mumina akaita, "tuambie wewe. Alifungua?"

"Sijui, dada. Sikusoma mbele."

"Hukusoma mbele. Mtu ana chungu cha wali mapajani, hakuchungulia."

Asenath alisikia yote hayo, mguu wake ukivuta kamba. Tamar alikuwa amemweka Alice katikati ya miguu yake na gunia la unga limetandazwa mbele yao. Alikuwa akipitisha kidole juu ya maandishi ya bluu, mstari hadi mstari, kisha tena kutoka juu. Maneno yalikuwa manane tu. Aliposoma mara ya nne aliinua macho akakuta mama mkwe wake anamtazama, na akakunja gunia haraka kama aliyekutwa akidokoa.

Asenath akarudi kwenye kikapu chake.

Siku ya sita Darmi akaja na maziwa. Hakuweka vibuyu chini. "Leo mimi natoka nyumbani alfajiri," alisema. "Watu yangu nimewapa maneno yote, mpaka mlango nagongwa. Wazee, watoto, wote nangoja. Haya. Soma."

"Kitabu kimefungwa," Tamar akamwambia.

"Kimefungwa na nani?"

Darmi alimtazama Tamar, akamtazama Asenath, akaelewa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu akaanza kuzungumza habari za mvua. Alipokea ndizi zake. Lakini alipogeuka kuondoka alisema, bila kumwelekea mtu yeyote, "Sasa nitaambia wao nini?"

Asenath alimtazama mpaka akapotea nyuma ya magugu. Kisha alitazama shamba lake kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu kitu kisichohesabika.

"Ndege haogopi kelele," alisema mwishowe. "Mimi nimewaamia miaka thelathini. Ukipiga kelele moja kwa moja kutwa nzima, wanaizoea, wanaimba nayo. Ukinyamaza kutwa nzima, wanakula. Ndege anaogopa sauti inayokatika." Akavuta kamba. "Ukisoma, kuna mahali unavuta pumzi."

"Ndiyo, mama."

"Tena huvuti ovyo. Nimekusikiliza. Unavuta mahali neno limekwisha."

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi ukivuta pumzi, sisi tunapiga ukelele. Wote. Na kamba zote. Ukimaliza kuvuta, tunanyamaza, unaendelea." Alifungua upindo wa kanga, akatoa ufunguo wa sanduku. "Kesho. Siku moja tu. Jua likizama nitakwenda kutazama kona ile ya mashariki mwenyewe. Nikikuta imeguswa, mwanangu, hata suke tatu, kitarudi sandukuni, na usiniulize tena."

Tamar alikiri baadaye kwamba hajawahi kuogopa mtihani wa shule kama alivyoiogopa kona ile.

Asubuhi walianza kwa kucheka. Tamar akasoma: Mselemu ameacha kubisha. Akavuta pumzi, na madungu yote yakalipuka, makopo yakagongana, ndege wakainuka wakazunguka juu ya ziwa. Akasoma: Bi Rehani akasikia nyayo zikienda uani. Wakalipuka tena. Mara ya kumi walikuwa wameshazoea, na mara ya ishirini ukelele wenyewe ukaanza kuwa na maana. Penye Mselemu ulikuwa mkali, penye Bi Rehani ulikuwa mrefu na wenye huruma. Mumina aliongeza matusi madogo ambayo hayakuwa ya kuwafukuza ndege. Tamar naye akagundua kwamba mwandishi yule asiye na jina alijua kupumua. Hakumchosha msomaji kwa sentensi ndefu zinazojikokota kama kamba ya mtumbwi kwenye tope. Alimpeleka hatua chache, akampumzisha, akampeleka tena. Kijitabu cha pamba kingewaua wote kwa kukosa hewa, na mpunga ungekwisha.

Alasiri wakafika pabaya. Mselemu ameingia kwa mlango wa uani. Amesimama mbele ya mjane na kunyoosha mkono. Bi Rehani anafungua upindo wa kanga yake, polepole, fundo la kwanza.

Tamar akavuta pumzi.

Hakuna aliyepiga ukelele. Alitupa jicho. Mumina amefunika mdomo kwa viganja. Wa nyuma wameinuka wamesimama. Asenath, mikono imelala juu ya kikapu, kamba imelegea kwenye kidole cha mguu, alikuwa akiutazama mdomo wa Tamar kama mtoto anavyolitazama titi. Na juu ya ziwa lile blanketi la vumbi likageuka, likainama, likaanza kushuka mashariki.

Mstari uliofuata ulikuwa pale pale chini ya kidole chake. Angeweza kuusoma, ulikuwa mfupi. Hakuna siku aliyotaka kusoma mstari kama siku ile. Alifunga kitabu juu ya kidole, akasimama mpaka kichwa kikagonga majani ya paa, akapiga ukelele peke yake, kwa sauti ambayo hakujua anayo. Alice akashtuka, akaanza kulia. Hapo wengine wakazinduka, makopo yakagongana, madonge yakaruka, na wingu likapanda tena.

"Wewe," Mumina akasema alipopata pumzi, "una roho ya mawe. Umemwacha mwenzetu na fundo mkononi."

"Soma," Asenath akasema. "Kamba ninayo."

Bi Rehani alifungua fundo, na ndani ya fundo hamkuwa na ufunguo. Alikuwa ameutupa kisimani usiku wa jana yake, na nyumba yenyewe alikuwa ameiandikisha kwa kadhi. Ukelele wa siku hiyo ulisikika mpaka Garsen. Mume wa Mumina alidhani mamba amemkamata mtu, akaja mbio na shoka.

Jua lilipozama Asenath alikwenda kona ya mashariki. Tamar alimfuata nyuma, mtoto mgongoni, kitabu kwapani, hajui kama anakibeba kwa mara ya mwisho. Asenath aliinama. Akashika masuke moja moja. Mengine mazito. Kisha mahali pamoja, upana wa ungo hivi, akashika jepesi, na jingine, na jingine. Yalikuwa zaidi ya matatu.

Tamar alikinyoosha kitabu kabla ya kuombwa.

Asenath hakukipokea. Alikaa akichezea lile suke tupu kati ya vidole vyake vigumu. "Hapa hapakuliwa na ndege," alisema. "Hapa nimekula mimi. Wewe ulipovuta pumzi, mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kwa yule mwanamke, ndani ya nyumba yake." Alilitupa suke. "Miaka thelathini sijawahi kuondoka kwenye shamba hili nikiwa nimekaa. Shika kitabu chako, mwanangu. Umande unaanguka, kitalowa."

Walikisoma chote, na kilipokwisha wakakirudia tangu mwanzo, na mara ya pili hakuna aliyesahau kupiga ukelele, ingawa penye fundo walishikwa vilevile. Mpunga ulivunwa. Haukuwa mwingi kuliko wa miaka mingine, haukuwa mchache. Darmi alisimulia kwao, na inasemekana huko kwa Waorma Bi Rehani ana ng'ombe wanaokamuliwa asubuhi na jioni, kama inavyopasa.

Baada ya mavuno Asenath alimwita Tamar akae mlangoni na karatasi. Alitaka kumwandikia Isaac. Hajawahi kutuma maneno yake mwenyewe. Kila mara alisema, "Mwambie sisi wazima," basi.

"Mwandikie alete kingine," alisema. "Mwambie achague. Asilete cha mtu anayejua kila kitu, nimewasikia hao kanisani. Alete cha mtu ambaye hajui mwisho utakuwaje, anatafuta pamoja na sisi." Alifikiri. "Kiwe na mtu mbaya, lakini awe na sababu yake. Yule Mselemu alikuwa na wake wawili na nyumba inayovuja, nilimwelewa kidogo. Kama hana sababu, mimi nitalala. Na mwambie nimekula mpunga wangu mwenyewe kiasi cha ungo, asishangae akisikia kwa watu."

Tamar aliandika. Herufi zilisimama wima, na alipofika mwisho wa mstari alivuta pumzi bila kukusudia. Alice alikuwa anasimama kwa kushika bega la bibi yake, anaanguka, anasimama.

"Sasa nisomee," Asenath akasema.

Tamar akamsomea tangu salamu mpaka ungo. Mama mkwe alisikiliza kidogo, akageuza kichwa, akanyamaza, na Tamar akawa anangoja kuambiwa mtoto analia. Lakini uso wa mwanamke yule ulikuwa umefanya kitu ambacho hakuwahi kukiona, ulikuwa umekuwa na haya, kama wa msichana aliyesifiwa mbele ya watu.

"Hayo ni maneno yangu?"

"Ni yako, mama. Sikuongeza."

Asenath akajisogeza karibu, akaitazama karatasi, mistari yote ile ya wino, hajui ni upi wenye mpunga na ni upi wenye Mselemu.

"Soma tena," alisema, "pale ninaposema anatafuta pamoja na sisi."